Kujichora kwa kioo: pa kukiweka, na kwa nini macho hutoka makali

Picha nyingi za mtu aliyejichora huharibika kabla brashi haijagusa kanvasi, kwa sababu ya kioo. Tafuta chenye unene wa milimita 4 au zaidi. Chembamba hupinda kikiegemezwa ukutani, na uso hurefuka bila wewe kujua.

Ukichora kwa mkono wa kulia, kanvasi ikae kulia na kioo kushoto, bega kwa bega, usawa wa macho, ili mkono usikizibe kioo. Hapo yanahama macho tu. Ukigeuza kichwa kila mara, pua itakuwa ya mkao mmoja na masikio ya mkao mwingine. Zungushia nyayo zako chaki sakafuni, kisha fumba jicho moja na utie nukta ya sabuni kwenye kioo palipo ncha ya pua. Ukitoka kunywa maji, rudi kwenye chaki, fumba jicho lilelile, nukta na pua vikutane.

Sasa vipimo. Zungushia uso wako kwa sabuni juu ya kioo, jicho moja likiwa limefumbwa, kisha upime: utapata nusu ya uso wako halisi, hata ukirudi nyuma hatua tatu. Wengi huanza macho kwa kipimo cha kioo, wakamaliza kidevu kwa kipimo cha uso wenyewe. Amua kimoja, ukitaka ukubwa halisi, zidisha kila kipimo kwa 2.

Mwanga utoke dirisha moja la ubavuni, uangukie uso, si kioo. Kwenye ngozi nyeusi, mng'ao wa paji hubeba rangi ya anga, kwa hiyo nyeupe tupu huufanya uonekane kama umepakwa unga. Itie buluu kidogo. Kivuli kichanganye kwa kahawia nyekundu na buluu nzito. Nyeusi ya chupa hukiua.

Mkono unaochora ndio mgumu kuliko vyote, maana hautulii, tena kioo huuhamishia upande wa pili. Picha ya eksirei ya mchoro ambao mchoraji Mholanzi Rembrandt alijichora mnamo 1665, ulioko jumba la Kenwood, London, inaonyesha kwamba mwanzoni aliweka brashi upande zinakoonekana kwenye kioo, kisha akazihamisha, na mikono akaiacha kwa mipigo michache tu. Nawe amua mapema brashi zitakaa upande upi.

Macho makali hutokana na kukodoa kwa muda mrefu. Yaache mwisho, uyatazame sekunde mbili mbili.

Kila baada ya nusu saa ipe kanvasi mgongo, uitazame kupitia kioo cha mkononi. Jicho lililopanda juu litajitokeza mara moja. Lishushe rangi ikiwa bado mbichi.