Ningefungua jalada la mjane wa Shoreditch

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: ukipewa ruhusa ya kufungua upya jalada moja la kesi ya kale, popote duniani, utafungua lipi na kwa nini? Nadhani wengi watataja kesi za wafalme na za wapigania uhuru. Mimi nataja ya mjane mmoja wa London, Margaret Brayne, aliyedai nusu ya mapato ya jumba la michezo ya kuigiza, akafa mwaka 1593 kesi yake ikiwa bado inapigwa kalenda.

Nilikuwa karani wa masijala ya mahakama kwa miaka 26 kabla ya kustaafu. Nimeshika majalada mengi, na nimejifunza kwamba kesi inayoumiza zaidi si ile mtu aliyoshindwa. Ni ile aliyoshinda kwenye karatasi, kisha akarudi nyumbani mikono mitupu.

Jumba lenyewe liliitwa The Theatre. Lilijengwa mwaka 1576 huko Shoreditch, nje ya ukuta wa London upande wa kaskazini, kwenye kiwanja kilichokuwa cha nyumba ya watawa wa Holywell. Mwenye ardhi alikuwa Giles Allen. Aliyepanga ni James Burbage, seremala aliyegeuka mwigizaji, kwa mkataba wa miaka 21 na kodi ya pauni 14 kwa mwaka. Burbage alikuwa na ujuzi, fedha hakuwa nazo. Fedha zilitoka kwa shemeji yake, John Brayne, mfanyabiashara wa vyakula, kaka wa mkewe Ellen. Brayne hakuwa mgeni katika mambo hayo, kwani mwaka 1567 alishajenga jukwaa jingine lililoitwa Red Lion, mashariki mwa mji.

Brayne akatumbukiza alichonacho chote. Ushahidi uliotolewa baadaye unasema fedha zilipokaribia kumwishia, yeye na Margaret waliingia wenyewe kwenye ujenzi kama vibarua, ili kuokoa ujira wa watu wawili. Naomba msomaji asipite hapa haraka. Huyu ni mke wa mwenye duka mjini, na anafanya kazi ya saidia fundi kwenye jengo ambalo jina la mumewe halimo kwenye hati. Maana mkataba wa pango ulikuwa na jina moja tu, la James Burbage. Brayne aliahidiwa ataingizwa baadaye.

Hiyo "baadaye" haikufika. Zikaandikwa hati za dhamana kuilinda ahadi, moja ya pauni 400 mwaka 1577 na nyingine ya pauni 200 mwaka 1578. Mashemeji wakakosana hadi wakapigana ngumi mbele ya mwandishi wa hati aliyekuwa akijaribu kuwapatanisha. Brayne alimshuku mwenzake kwamba anadokoa viingilio, na alikuwa na sababu. Kuna shahidi aliyeapa kwamba Burbage alimchongesha mfua vyuma wa Shoreditch ufunguo wa siri wa sanduku la fedha, akachota kwa takriban miaka miwili, na kwamba wakati wa kugawana alikuwa akisukumia sarafu kifuani ndani ya nguo. Julai 1578 wasuluhishi wakatoa uamuzi: yalipwe madeni kwanza, kisha Brayne achukue mapato mpaka gharama zake zilingane na za Burbage, halafu wagawane nusu kwa nusu. Mwaka uliofuata Burbage aliuweka rehani mkataba wa pango kwa mtu mwingine kabisa, John Hyde. Brayne akafa mwaka 1586 akiwa na madeni, na Margaret akabaki na karatasi za mumewe.

Alipoanza kudai, mkataba ulishabadilisha mikono. Mwaka 1589 Hyde aliuhamishia kwa Cuthbert, mtoto mkubwa wa Burbage. Cuthbert alikuwa mtumishi wa Walter Cope, na Cope alikuwa mtu wa karibu wa Lord Burghley, Mweka Hazina Mkuu wa Malkia Elizabeth. Hyde mwenyewe alieleza mahakamani kwamba Cope ndiye aliyemwandikia barua ya kumwombea kijana wake. Barua ya mkubwa ikafanya kile ambacho hati za dhamana hazikuweza. Kuanzia hapo kina Burbage wakawa na jibu tayari: umiliki ni wa Cuthbert, na mama huyu hamdai Cuthbert chochote.

Margaret alikwenda Mahakama ya Chancery, iliyosifika kwa kuamua kwa dhamira na haki pale sheria ya kawaida ilipokuwa ngumu mno. Novemba 1590 akapata alichokitafuta, amri kwamba uamuzi wa wasuluhishi ufuatwe mpaka kesi isikilizwe. Tarehe 16 mwezi huohuo akaenda Shoreditch na amri yake, pamoja na Robert Myles, mwenzake katika madai, na mtu mwingine, Nicholas Bishop. Walisimama kwenye mlango wa kupandia roshani, mahali watazamaji walipoongeza pesa ili wakae juu, wapokee nusu ya makusanyo.

Yaliyofuata yameandikwa kwa viapo. Wakatukanwa, Myles akaitwa mwuaji na Margaret akaitwa mwuaji malaya. Richard, mtoto mdogo wa Burbage, akamshambulia Myles kwa mpini wa ufagio. Bishop alipojaribu kusema neno, Richard alimchezea pua kwa dharau na kumwambia kwamba akijiingiza atapigwa na yeye. Mzee Burbage akasema wakirudi tena watakuta bastola zimejazwa baruti na mbegu za katani, wapigwe nazo miguuni. John Alleyn, mwigizaji aliyekuwa akifanya kazi humohumo, alifika na kumkuta Richard bado ameshika mpini. Akamuuliza kuna nini. Richard akajibu akicheka kwamba wamekuja kudai nusu yao, na nusu yao amekwisha kuwapa kwa mpini huu. Alleyn anasema alimsihi Burbage amwonee huruma mjane na kumkumbusha kwamba kuna amri ya mahakama. Jibu lilikuwa kwamba hata ingekuwa dharau ya mahakama mara 20, hatatii.

Richard huyo ndiye Richard Burbage, mwigizaji wa kwanza wa Hamlet. Ninapenda maigizo tangu nikiwa shule, na sitasema kipaji chake kilikuwa kidogo. Ila kila ninaposoma sifa zake naukumbuka ule ufagio.

Nilipokuwa masijala kulikuwa na mama mmoja aliyekuja karibu kila Jumatatu. Alikuwa na hukumu ya mirathi inayompa nusu ya nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe. Hukumu aliikunja ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko akaufunga kwenye pindo la khanga. Kila alipoipeleka nyumbani, mtoto wa shemeji yake alimtoa mlangoni. Akirudi kwetu anaambiwa jalada limepelekwa kwa mheshimiwa, au tarehe imesogezwa, au jalada halionekani. Siku moja aliweka kiganja juu ya kaunta akaniambia, "Dada, mahakama imesema nusu ni yangu. Sasa nusu yenyewe iko wapi?" Sikuwa na jibu. Nilimpigia muhuri nakala mpya kwa sababu ile ya kwanza ilishachanika kwenye mikunjo. Nilipomsoma Margaret Brayne kwa mara ya kwanza, nilimwona mama huyo amesimama kwenye ngazi za Shoreditch.

Kwa dharau ile ya wazi ya kina Burbage, mtu angetegemea mahakama ingewaka. Waliandikiwa mashtaka ya kuidharau mahakama, mashahidi wakahojiwa, na mahojiano yakaendelea hadi 1592. Kina Burbage wakaapa kwamba hawakuvunja amri yoyote. Mwaka uliofuata Margaret akafa, akamwachia Myles madai yake kwa wasia. Mei 1595 Chancery ikasema haiwezi kuendelea kulisikiliza shauri, kwa kuwa mdai ana hati mbili za dhamana na njia yake ni kwenda kwanza kuzidai kwenye mahakama ya sheria ya kawaida. Hizo ni zile hati za 1577 na 1578, ambazo mahakama ilijua habari zake tangu mwanzo. Kama hiyo ndiyo ilikuwa njia, mjane angeambiwa siku ya kwanza, akiwa hai na akiwa bado na nauli ya wakili.

Najua wasomaji wengine watasema kesi maarufu ya jumba hili ni nyingine, nayo ni tamu kusimulia. Mkataba wa pango uliisha Aprili 1597, miezi michache baada ya James Burbage kufa, na Allen akakataa kuuongeza kwa masharti yanayoeleweka. Mwishoni mwa Desemba 1598, Allen akiwa shamba, Cuthbert na Richard wakaja na fundi seremala Peter Street na vibarua, wakalibomoa The Theatre ubao kwa ubao. Mbao zikavushwa Mto Thames, na mwaka 1599 zikasimama upande wa pili kwa jina la Globe, ambamo Shakespeare alikuwa mmoja wa wanahisa.

Allen alishtaki na kushtaki. Alidai fidia ya pauni 800, na ndani yake shilingi 40 za majani yaliyokanyagwa. Aliposhindwa kwingine, mwaka 1601 alikwenda Star Chamber, mahakama ya washauri wa malkia, na huko malalamiko yake yakageuka kuwa juu ya mwenendo wa kesi zenyewe. Alisema ubomoaji ulikuwa ghasia ya watu wenye silaha, kwamba mashahidi wawili wa kina Burbage walinunuliwa waape uongo kuhusu gharama za ukarabati, kwamba mashahidi wake yeye walitukanwa na kutishiwa kuchomwa visu, na kwamba alitegewa mtego hadi akakamatwa kwa kukiuka amri. Mwaka 1602 pingamizi la awali lilipelekwa kwa mwanasheria Francis Bacon, naye akaona hati ya malalamiko haina uhakika wala utoshelevu. Ikaishia hapo.

Jalada hilo nisingelifungua. Star Chamber haikushughulika na ugomvi wa pango. Ilitaka ghasia, kughushi, viapo vya uongo. Kwa hiyo mwenye ugomvi wa pango aliyetaka kuingia mlango ule aliuvika ugomvi wake nguo za jinai. Nimepokea hati za namna hiyo nyingi kaunta kwangu. Unasoma "walinivamia kwa mapanga" na unajua ni habari ya mpaka wa shamba. Isitoshe, mkataba wa Allen wenyewe ulimruhusu mpangaji kuliondoa jengo atakalojenga kwa ajili ya maigizo. Labda mashahidi wake walitishwa kweli, na familia ile tumeona ilivyokuwa mlangoni. Lakini Allen alikuwa na ardhi, mawakili na miaka ya kulumbana, na alisikilizwa kila alikokwenda.

Margaret hakuwa malaika, na sitaki kumpaka rangi. Huyo Myles aliyeandamana naye alishatuhumiwa kwamba kipigo chake kilichangia kifo cha Brayne, na Margaret alikuwa miongoni mwa waliomtuhumu. Baadaye wakaungana kwa sababu wote wawili walikuwa wanawadai kina Burbage. Hapo ndipo matusi ya "mwuaji" yalipotoka. Na John Alleyn naye alikuwa amegombana na Burbage juu ya fedha, kwa hiyo wakili mzuri angembana. Hata hivyo, habari za mpini wa ufagio zinatoka kinywani kwa Richard mwenyewe, aliyesema akicheka mbele ya mtu wa kazi yake, na kwa jinsi Alleyn anavyoeleza, Richard alikuwa akijisifu.

Sisi tuliosoma Mabepari wa Venisi, mchezo wa Shakespeare katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere, tunaijua kesi ya hati na ratili ya nyama: hati inaletwa, inasomwa, na hukumu inapatikana kabla pazia halijashuka. Mchezo huo ulikuwa umeshaandikwa kufikia 1598, ndani ya kundi la Richard Burbage. Hati za John Brayne zilikuwa zimelala karibu miaka 20.

Tunayajua haya kwa sababu makarani hawakutupa kitu. Mtafiti wa Nebraska, Marekani, Charles William Wallace, na mkewe Hulda, walikaa kwenye nyaraka za taifa huko London wakifungua furushi baada ya furushi la ngozi zilizoandikwa, na mwaka 1913 Wallace akayachapisha mashauri ya The Theatre. Mwaka 2008 wanaakiolojia nao wakafukua mabaki ya msingi wake katika mtaa wa New Inn Broadway. Huo ndio msingi ambao Margaret na mumewe walifanyia kibarua.

Mkinipa ruhusa, nitaanza na John Alleyn, aulizwe upya, na wakili wa kina Burbage ambane atakavyo. Kisha nitaomba mahakama iamuru viletwe vitabu vya viingilio vya roshani, tangu siku aliyokufa Brayne hadi siku mbao zilipopakiwa. Na nakala ya amri ya 1590 nitaigonga muhuri mpya mwenyewe.