Maswali ya Wakimbiaji wa Milimani: Nigeukie Wapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mkimbiaji wa barabarani. Marathoni nimemaliza 4, muda wangu bora ni saa 3 na dakika 28. Mwezi uliopita nilijaribu mzunguko wa mlimani wa kilomita 34. Mwanzo wake uko kwenye mwinuko wa mita 2,200, sehemu ya juu kabisa ni mita 4,100, kilomita ya 19, na jumla ya kupanda ni mita 2,600. Nilikadiria saa 6. Nilianza saa 2 asubuhi, nikafika juu saa 7 na dakika 10 mchana, kichwa kinagonga na tumbo limekataa kila kitu. Nikaona kurudi ni kilomita 19 na mbele zimebaki 15, basi nikaendelea. Upande wa pili ni kilomita 4 za mteremko mkali wa mawe yasiyotulia, na chini yake kuna mpando mwingine wa mita 400 ulionimaliza. Nilitoka saa 2 na nusu usiku, namulika njia kwa simu. Nataka kurudi tena. Ninunue viatu gani, na niongeze mazoezi gani ya kasi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nashukuru umetoka salama, na nashukuru umeandika kila saa na kila kilomita, maana humo ndimo lilimo jibu. Viatu tutavifikia. Kwanza turudi pale juu, saa 7 na dakika 10.

Ulipima kilomita peke yake: 19 nyuma, 15 mbele. Mlima haupimwi hivyo. Mwaka 1892 mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, alitoa kanuni ambayo watembeaji wanaitumia hadi leo: saa 1 kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Ni kanuni ya mtembeaji mzima wa afya, na haihesabu mapumziko. Mkimbiaji hupata nafuu kwenye tambarare, halafu nafuu hiyo huliwa na kula, kuvaa koti na kujaza maji. Mimi huitumia kama ilivyo.

Ipige kwenye njia yako. Kilomita 34 ni karibu saa 7, mita 2,600 ni zaidi ya saa 4. Jumla saa 11. Wewe ulitoka nyumbani na saa 6 kichwani, na maji na chakula cha saa 6 mgongoni. Sasa ipige ukiwa pale juu. Kurudi ulikotoka: kilomita 19 za mteremko wa taratibu unaoufahamu, na vilima vidogo vya kama mita 300 kwa jumla. Saa 4 na dakika 20. Ungefika saa 11 na nusu jioni, na kila hatua ungekuwa unashuka kuelekea hewa nzito zaidi, ambayo ndiyo dawa ya kichwa kile. Mbele palikuwa karibu kwa kilomita 4 tu, ukatembea saa 7 na dakika 20.

Sikulaumu. Kwenye mita 4,100 kanieneo ya hewa ni kama asilimia 60 ya ile ya usawa wa bahari, kwa hiyo kila pumzi inakuletea oksijeni pungufu kwa kama asilimia 40. Kichwa kinachouma na tumbo linalokataa chakula ni dalili za ugonjwa wa mwinuko, na mtu mwenye hali hiyo hapigi hesabu nzuri. Hata mimi, miaka yangu ya mwanzo, niliwahi kusimama kwenye upepo wa juu nikiwa na koti zuri la mvua begani, nisiweze kulivaa: vidole vilikuwa vimekufa ganzi, zipu ya mkoba nikaifungua kwa meno. Koti nilikuwa nalo saa nzima. Wakati wa kulivaa ulikuwa chini, vidole vikiwa vyangu bado. Tangu siku hiyo uamuzi wangu wa kurudi nauandika kwenye karatasi kabla sijafunga kamba za viatu.

Kwa hiyo, ukirudi, zunguka kinyume. Jumla ya kupanda haibadiliki, kwa kuwa unaishia ulipoanzia, lakini siku yote inabadilika. Kule Colorado, Marekani, mbio za Hardrock 100 hugeuza mwelekeo kila mwaka, na waliozikimbia pande zote mbili watakuambia ni kama mbio mbili tofauti. Kwako kuna faida tatu. Mawe yale utayapanda ukiwa na nguvu, mikono ikisaidia, badala ya kuyashuka na mapaja yaliyokwisha. Sehemu ya juu inakuwa kilomita ya 15, kabla ya nusu. Na ukishavuka, kilichobaki ni mteremko wa taratibu.

Sasa angalia kilomita ya 9. Hapo utakuwa kwenye ukingo, juu ya ule mpando uliokumaliza, na safari hii njia inashuka mita 400 mpaka kwenye mguu wa mawe. Ukishashuka, kurudi kunakudai uzipande tena. Kwa hiyo swali la kuendelea au kurudi liulizwe ukingoni, si chini. Anza saa 11 alfajiri, taa ya kichwani ikiwa na betri mpya. Kwa kanuni ya Naismith unatakiwa uwe ukingoni saa 3 asubuhi. Ikiwa saa 3 na nusu hujafika, au umefika na kichwa kinauma, geuka. Ukienda vizuri utavuka juu kabla ya saa 6 mchana. Nalisisitiza hilo kwa sababu ya radi: jua likishachemsha miteremko, mawingu hujengeka mchana, na ukingo mtupu ni mahali pabaya pa kuyasubiri.

Na ukisikia wewe au mwenzako anayumba kama mlevi, au anajibu maneno yasiyoeleweka, hapo hakuna saa wala karatasi. Shukeni, muda uleule.

Mazoezi ya kasi, yaache mwezi huu. Kilichokuangusha chini ya mawe si pumzi, ni mapaja. Kwenye kushuka, msuli wa mbele wa paja hurefuka huku umebeba uzito, na kazi hiyo huuchana vichanochano zaidi kuliko kupanda. Habari njema ni kwamba msuli hujifunza upesi: shuka kilima kirefu kwa mbio mara moja, utaumwa siku ya pili na ya tatu, halafu kwa wiki kadhaa mteremko kama huo hautakuumiza vile. Fanya hivyo wiki tatu kabla, rudia kidogo wiki inayofuata, kisha pumzika. Siku nyingine panda kwa kutembea haraka, viganja juu ya magoti, ukisukuma. Kwenye mpando mkali kutembea hukugharimu pungufu, na mwendo unabaki karibu uleule. Ukiweza, lala juu, karibu na mwanzo wa njia, usiku 2 au 3 kabla ya siku yenyewe.

Koti, glavu na kofia beba hata kukiwa na jua. Halijoto hupungua kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo penye nyuzi 12 unapoanzia, juu ni karibu na sifuri, bado hujahesabu upepo.

Viatu: soli yenye meno na nafasi ya upana wa kidole mbele ya dole gumba. Kabla ya mteremko wa mwisho kaa chini, piga kisigino nyuma mpaka kishike, kisha kaza kamba juu ya kifundo na uziache legevu kidogo kwenye vidole. Mguu usipoteleza mbele, kucha zinabaki.

SWALI: Mwalimu, naona mbio nyingi zinalazimisha kubeba filimbi. Ya nini, na simu ninayo?

JIBU: Simu hufa kwa baridi na mabonde mengi hayana mtandao, ndugu yangu. Ishara ya kuomba msaada milimani ni milio 6 ndani ya dakika moja, kimya dakika moja, kisha 6 tena. Usiku fanya vivyo hivyo kwa taa. Anayekusikia hujibu kwa milio 3 kwa dakika. Ukisikia jibu usinyamaze. Endelea kupuliza mpaka wakufikie, kwa sababu wanakutafuta kwa sauti. Filimbi ifunge kwenye mkanda wa kifuani, isikae ndani ya mkoba.