Usiibandue hiyo picha!

Pole dada. Umeuliza kama uibandue picha ya marehemu baba yenu iliyogandia kioo cha fremu. Usithubutu! Unyevu umelainisha utando wa juu wa picha, ukashikana na kioo. Ukivuta, sura inabaki kiooni. Mimi niliiharibu yetu hivyohivyo: tumepanga mstari ufukweni Mwanza, lile Jiwe la Bismarck la ziwani nyuma yetu, bibi katikati. Kitenge chake kipo hadi leo, uso haupo.

Ipeleke na kioo chake kwa mwenye skana. Au ipige kwa simu karibu na dirisha, flashi imezimwa, ukiinamisha kioo mpaka mng'ao upotee. Halafu usiitundike tena ukuta ule unaolowa masika.