Magnamu ama risasi ya kawaida? Ami ajibu barua zenu

Mwezi uliopita niliponyokwa na neno kwamba ujanani nilibeba bunduki za wawindaji. Barua zilizokuja ni nyingi hata mke wangu ameniuliza kama nataka kurudi porini na magoti haya. Nilizibeba misimu miwili upande wa Voi kabla uwindaji haujapigwa marufuku hapa Kenya, kisha miaka mingi ng'ambo ya mpaka, Tanzania. Sikumiliki hata moja. Niyajuayo ni ya mtu aliyesimama hatua moja nyuma ya mpigaji, na pale, wallahi, mtu huona mengi.

*Ami, shikamoo. Nimepata kazi kwenye kambi ya uwindaji Tanzania, naanza Julai. Wenzangu kila saa ni magnamu, magnamu, nami naitikia tu kwa kichwa. Hiyo magnamu ni nini, na imezidi nini risasi ya kawaida? – Msomaji, Likoni*

Marahaba, mwanangu, na hongera ya kazi. Risasi ina vitu vinne: ganda la shaba, fataki pale chini yake, baruti ndani, na kichwa mbele. Kinachoruka ni kichwa peke yake. Basi magnamu ni ganda kubwa zaidi, limebeba baruti nyingi zaidi, lakini mara nyingi kichwa ni kilekile.

Nambari ya mbele katika jina la risasi hizi ni unene wa kichwa kwa inchi, takriban. Chukua .30-06, risasi ya jeshi la Marekani ya 1906, uiweke kando ya .300 Winchester Magnum ya 1963. Vichwa vyao vina unene mmoja. Ukizipa zote mbili kichwa cha gramu kumi na mbili kasoro kidogo, ya kwanza itakitoa mtutuni kwa mita kama 820 kwa sekunde, ya pili kwa mita kama 900. Kelele zote unazosikia kambini ni juu ya hizo mita themanini. Jina lenyewe Waingereza waliliazima kwenye chupa kubwa ya mvinyo, kwa hivyo hata asili yake si ya kujivunia sana mbele ya watu.

Na jina lisikuzuge. .416 Rigby ya 1911 haina neno magnamu popote, na inaishinda kwa uzito na kwa nguvu .375 Holland & Holland Magnum iliyotoka mwaka uliofuata. Hiyo .375 utaikuta kila kambi, basi ijue vizuri. Angalia chini ya ganda lake, utaona mshipi wa shaba umeizunguka. Ganda hilo limechongoka polepole na bega lake, pale linapopungua kukishika kichwa, limelala, halina pa kujishikiza ndani ya chemba, yaani pale nyuma ya mtutu inapokaa risasi, kwa hivyo mshipi ndio unaoizuia isizame. Walilichonga hivyo kwa sababu ya baruti ya zama hizo, kodaiti, iliyokuwa nyuzinyuzi kama tambi, na pia ili ganda tupu lisigande chemba ikipata moto. Magnamu zilizofuata ziliuchukua mshipi huohuo hata zile zenye bega lililosimama, zisizouhitaji. Ni kama kofia ya mlinzi wa benki, ipo ili ujue yeye ni nani.

Kazi yako wewe itakuwa moja tu: kuhakikisha risasi iliyo mfukoni mwa mgeni ndiyo iliyoandikwa kwenye mtutu wa bunduki yake. Soma ubavuni mwa mtutu, kisha soma kitako cha ganda. Usimuulize mtu. Soma.

*Ami, dunia imegeuka: kaka yangu yuko Montana, Marekani, na ni yeye anayeniomba mimi pesa. Anataka kununua .300 Magnum awinde elk, na tayari ana .30-06 aliyopewa na mkwewe. Anaihitaji kweli, ama ni uraibu? – Msomaji, Kisauni*

Usitume, dadaangu.

Elk ni mnyama wa jamii ya kulungu, ila dume lake lina mwili wa ng'ombe. Hata hivyo .30-06 imekuwa ikimwangusha kwa zaidi ya miaka mia moja, na hakuna aliyemwarifu kwamba haitoshi. Kakako atakwambia magnamu huenda mbali bila kushuka. Kweli, lakini kwa kiasi gani? Bunduki zote mbili zikirekebishwa zipige sawasawa kwenye yadi 200, mtu akipiga kwenye yadi 300, yaani mita 275 hivi, ya kawaida itakuwa imeshuka sentimita ishirini na moja, na magnamu kumi na saba. Tofauti ni vidole viwili. Mahali pa kulenga nyuma ya mkono wa elk ni pana kama sahani kubwa ya pilau. Kwenye yadi 400 ndipo tofauti inapofika upana wa kiganja, na mtu awezaye kupiga mnyama kwa insafu kutoka umbali huo ni nadra. Niliosimama nyuma yao nikaona wanaweza, hawajai vidole vya mkono mmoja.

Sasa yeye analipia nini hivyo vidole viwili? Bunduki za uzito mmoja, teke la .300 Magnum huzidi la .30-06 kwa karibu thuluthi, na mlio wake huchoma sikio. Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe, na bega ni hivyohivyo. Likishaumia mara tatu, mwili hujifunza wenyewe: kabla triga haijavutwa mtu hufumba macho na kusukuma bunduki mbele, na risasi huenda tumboni mwa mnyama. Mnyama wa tumbo hufuatwa siku nzima, na pengine haonekani tena. Mimi nimewafuata wengi hao, na karibu wote walipigwa na bunduki kubwa.

Halafu risasi za magnamu ni ghali zaidi, kwa hivyo mwenye nayo hufanya mazoezi machache wakati yeye ndiye anayehitaji mengi. Kama anawinda kwenye vilima vya wazi, penye upepo, na kila wiki yuko kwenye uwanja wa shabaha, hapo ana hoja. Muulize mwaka jana alipiga risasi ngapi za mazoezi. Akisita, una jibu lako, na pesa zako weka.

*Kwa nyati, bora .375 ama .458? – Msomaji, Tanga*

Hizi zote ni magnamu, kwa hivyo hapa ugomvi ni wa ndugu. Sheria ya Tanzania kwa wanyama hatari huanzia .375, na sijapata kuona sababu ya mgeni wa kawaida kuzidi hapo. .375 hurusha kichwa cha gramu kumi na tisa kwa mita kama 770, na njia yake angani inafanana na ya .30-06, basi asubuhi ni nyati na jioni, kwa bunduki ileile, ni choroa mbugani. .458 Winchester Magnum ya 1956 hurusha gramu thelathini na mbili kwa mwendo wa taratibu zaidi. Ni nyundo. Nzuri mkononi mwa mwindaji bingwa anayesimama kando, ambaye kazi yake ni kumzuia nyati aliyekwisha kuamua kuja.

Nilipata kumbebea mgeni mmoja .458 mpya, ina harufu ya dukani bado. Alikuwa nayo siku tatu. Kwenye shabaha ya kambini alipiga mara mbili akasema inatosha, akisugua bega. Nyati alikuwa hatua sitini, kasimama ubavu, hata mimi ningempata. Risasi ikaenda chini, ikamvunja mguu wa mbele. Tulimfuata tangu saa tatu asubuhi hadi jua linataka kuzama, katika majani yaliyotupita vichwa, na aliyemaliza kazi ni bingwa kwa .375 iliyochakaa hata rangi ya mtutu imeondoka.

Si jambo jipya katika nchi hizi. Mwaka 1898, reli ikitoka Mombasa kwenda bara, wale simba wa Tsavo walipokuwa wakila wafanyakazi darajani, mhandisi J. H. Patterson aliweka kando bunduki yake siku moja akaazima ya rafiki kwa kuwa ilikuwa na nguvu zaidi. Simba akamjia karibu kabisa. Akavuta triga, bunduki ya kuazima ikagoma. Simba wa kwanza alikuja kufa Desemba ya mwaka huo kwa .303, risasi ya kawaida ya askari wa Kiingereza.

Na jambo ambalo wageni hawaulizi kamwe, ingawa ndilo kubwa: kichwa cha risasi kimetengenezwaje? Kichwa laini hupanuka kikigusa nyama, na cha bei rahisi hupasuka vipande kwenye bega la nyati kabla ya kufika moyoni. Kadiri mwendo unavyozidi ndivyo kinavyopasuka upesi, kwa hivyo magnamu yenye kichwa dhaifu ni mbaya kuliko ya kawaida yenye kichwa imara. Mabingwa wengi niliowafuata walianza na kichwa laini kilichofungwa madhubuti, kisha nyuma yake vichwa vigumu visivyopanuka kabisa, kwa ajili ya nyati anayekimbia kakupa mgongo. Kwa ndovu, vigumu tangu cha kwanza.

*Babu yangu akisimulia kwamba Wazungu wa zamani waliua ndovu kwa virisasi vidogo. Ni kweli ama chumvi? – Msomaji, Mji wa Kale*

Ni kweli, babu yako hakutia chumvi. Mskoti W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja huko Uganda, aliua ndovu zaidi ya elfu moja, na wengi wao kwa 7x57 Mauser, risasi ya kijeshi ya 1892 ambayo leo watu huipigia swala. Alikata mafuvu ya ndovu kwa msumeno akaujifunza ubongo unakaa wapi kutoka kila upande, na alitumia vichwa vigumu. Lakini Bell ni mmoja, ndovu wake hawakuwa wamezoea bunduki, na hesabu hiyo ya elfu leo mtu huisikia kwa huzuni. Usimpe mgeni hadithi hii, atataka kuijaribu.

Theodore Roosevelt, aliposhuka Kilindini Aprili 1909, alikuja na zote: .30-06, .405 Winchester kwa ajili ya simba, na ya Kiingereza ya mitutu miwili kwa wanyama wakubwa. Rais mstaafu mzima wa Marekani alishindwa kuchagua.

*Naweza kupata kibali cha kuwinda swala hapa Kenya? – Msomaji, Changamwe*

La. Uwindaji wa wanyama pori ulipigwa marufuku Mei 1977, na mlango haujafunguliwa.

*Ami, tulipokuwa tukisafisha nyumba ya marehemu babu tumepata kasha la mbao, ndani mna risasi ndefu zimeandikwa .375, zimeota ukungu wa kijani. Mjomba anasema tuzisugue kwa mafuta tuziuze. – Msomaji, Makadara*

Mjomba anyamaze. Kukaa na risasi bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Bunduki, ziwe mpya ama za marehemu, na kuziuza ni kosa juu ya kosa. Huo ukijani ni shaba iliyoliwa na hewa yetu ya chumvi, na ganda lililoliwa huweza kupasuka likipigwa. Msizisugue, msizitie mafuta, msiziweke juani wala karibu na jiko, na watoto wasizione. Fungeni kasha, mtu mzima mmoja aende kituo cha polisi mikono mitupu aeleze zilipopatikana, waje kuzichukua wenyewe. Mkipanda nazo matatu mkakutana na msako njiani, maelezo yatakuwa marefu.

Wakishazichukua, waombeni wawaachie kasha. Kama ni lile la mbao nzito lenye vishikio vya kamba, usimpe mjomba. Niandikie.