Jibu: Majani ya bluberi kwenye ndoo yanageuka manjano

Ndugu, umeuliza kama samadi ya kuku itaponya bluberi yako ya ndoo hapo Limuru. Majani kuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani kwa kawaida si njaa ya samadi. Mmea umekosa madini ya chuma, na mara nyingi yamo humo humo kwenye ndoo, ila mizizi haiwezi kuyafyonza kwa sababu udongo hauna tindikali ya kutosha. Bluberi hutaka pH (kipimo cha tindikali; namba ikishuka, tindikali imezidi) ya 4.5 hadi 5.5. Samadi ya kuku itapandisha pH na kuzidisha tatizo, na majivu ndiyo usiguse kabisa.

Umesema unamwagilia maji ya kisima. Mimi ningeanzia hapo. Chungulia ndani ya birika lako: ukiona ukoko mweupe, maji hayo yana chokaa, na kila ukimwagilia unapandisha pH. Kinga maji ya mvua, umwagilie hayo.

Kisha hamishia mche kwenye chombo cha lita 40 hivi chenye matundu chini. Jaza magome ya msonobari yaliyopondwa na piti (mboji ya kinamasi), udongo wa shamba uache. Mizizi yake ni myembamba, haina vinyweleo na hukaa juu juu, kwa hiyo usichokoechokoe. Tandaza magome tu. Mbolea ni S.A. (salfeti ya amonia), kidogo sana. CAN (mbolea ya kalsiamu, amonia na naitreti) hapana, ina chokaa.

Lebo inasema ni aina gani? Zile za kaskazini mwa Marekani hutaka jumla ya saa 800 au zaidi za baridi kali kila mwaka ndipo zizae, na hapo Limuru hazitazaa vizuri hata majani yakipona. Tafuta Biloxi au Misty, aina zisizodai baridi nyingi.