Maswali ya Wasomaji: Rola za Hilda Ogden

Katika toleo lililopita tulimtaja kwa ufupi Jean Alexander, Mwingereza aliyeigiza kama Hilda Ogden katika tamthilia ya televisheni ya Uingereza, Coronation Street, kuanzia 1964 hadi 1987. Barua zimekuja nyingi. Hizi nne zimebeba yale ambayo wengi mmeuliza.

Ndugu Mhariri, niko kwenye kikundi cha maigizo. Kila nikipewa nafasi ya mama mbea naambiwa nimezidisha. Huyo Hilda naye alikuwa mbea, tena mfanya usafi wa baa. Alifanyaje asionekane kituko? – Msomaji, Dodoma

Kituko alikuwa, ila kila kituko chake kilikuwa na sababu. Chukua zile rola za nywele zilizochungulia chini ya kitambaa cha kichwa. Jean Alexander, mzaliwa wa Liverpool mwaka 1926, aliwakumbuka wanawake wa viwanda vya silaha wakati wa Vita vya Pili vya Dunia: walishinda kazini na rola kichwani ili jioni, wakialikwa matembezi, wabaki kuchana tu. Hilda naye alikuwa tayari siku zote. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemwalika. Hapo rola zinaacha kuwa kichekesho cha bei rahisi, zinakuwa maisha ya mtu.

Kwa hiyo kabla ya mazoezi, andika kila kitu utakachovaa au kushika, na mbele yake sababu ya mhusika kuwa nacho. Kisichokuwa na sababu kitoe. Bakiza viwili au vitatu, kisha usivibadilishe. Hilda alikuwa na rola, kitambaa na aproni, na ukutani kwake sanamu za bata watatu wanaoruka, wa katikati akining'inia kichwa chini. Alikuwa pia na picha kubwa ya ukutani ya milima. Kwa Kiingereza picha ya aina hiyo huitwa "mural". Yeye aliiita "muriel", kama jina la mwanamke, na alijivunia kwelikweli. Mwigizaji hakumkonyeza mtazamaji hata siku moja. Ukionyesha kwamba unajua unachekesha, umekwisha.

Jambo la pili ni masikio. Wengi huigiza umbea kwa mdomo: sauti juu, mikono hewani. Lakini mbea lazima kwanza apate habari, na muda mwingi yuko anasikiliza. Mpe mkono kazi. Na hapa ndipo watu hukosea: wanapangusa meza nzima. Anayesikiliza ya watu hupangusa pale pale, na kitambaa husimama kabisa neno lenyewe linapotajwa. Likishapita, mkono unaendelea. Wakati wa kupasha habari, shusha sauti badala ya kuipandisha.

Shikamooni. Nakumbuka ile sehemu ya miwani ya marehemu mume wa Hilda, nyumba nzima tulilia. Mjukuu wangu anasomea uigizaji na anataka kuijaribu. Aanzie wapi? – Msomaji, Leicester

Marahaba haituhusu, mzee wetu, shikamoo wewe.

Bernard Youens, aliyeigiza kama Stan, mume wa Hilda, alifariki Agosti 1984, na Novemba mwaka huo waandishi wakamwondoa Stan kwa kifo pia. Baada ya mazishi Hilda yuko peke yake na kifurushi cha vitu vya mumewe kutoka hospitali. Anakifungua. Anakuta miwani. Hakuna hotuba hapo, na ndiyo sababu watu hawajaisahau. Mwaka 1985 Alexander alipewa tuzo na Royal Television Society, chama cha televisheni cha Uingereza.

Mjukuu akifunge kifurushi mwenyewe, kwa karatasi halisi na uzi uliokazwa. Asiulegeze kabla ya kuanza ili aokoe muda. Ugumu wa fundo ndio unaomchelewesha mhusika kufika pale asipotaka kufika. Asianze na machozi. Mtu aliyetoka kuzika hujishughulisha: anakunja karatasi, anapanga. Akilia kwenye uzi, miwani haitakuwa na kazi. Na akishaishika, ainamishe uso kidogo tu, maana akiufunika wote kamera inabaki na kisogo.

Kwa nini Wazungu huziita tamthilia za mfululizo kama hii "za sabuni" (soap opera)? – Msomaji, Kisumu

Kwa sababu ya wadhamini. Miaka ya 1930 Marekani, michezo ya mfululizo ya redioni ilisikilizwa mchana na mama wa nyumbani, na kampuni za sabuni kama Procter & Gamble zikailipia.

Je, alisomea chuo gani? Na kukaa na mhusika mmoja miaka 23 hakukumfungia milango? – Msomaji, Zanzibar

Shule yake ilikuwa jukwaa. Aliacha kazi ya maktaba, na mwaka 1949 akajiunga na kampuni ya maigizo ya Adelphi Guild huko Macclesfield, kisha akazunguka kumbi nyingine za kaskazini mwa Uingereza. Utaratibu wa kampuni hizo ulikuwa mkali: usiku mnaonyesha mchezo wa wiki hii, mchana mnafanya mazoezi ya mchezo wa wiki ijayo. Ilikuwa faida kubwa kwa televisheni ya miaka ya 1960, kwa kuwa kukata na kuunga kanda kulikuwa ghali na tabu. Aliyesahau maneno aliwarudisha wote nyuma.

Mwaka 1962 alipita Coronation Street kama mama mwenye nyumba, nafasi ndogo ya kupita. Miaka miwili baadaye akaitwa tena, safari hii kuwa Hilda. Nafasi ndogo usiidharau, lakini pia usiipandishe kwa nguvu iwe kubwa. Waongozaji hukumbuka zaidi aliyewasaidia wenzake kumaliza siku.

Tamthilia aliiacha mwenyewe. Hilda alikwenda Derbyshire kumtunzia nyumba daktari mmoja, na kipindi hicho cha Krismasi ya 1987 kilitazamwa na watu karibu milioni 27. Milango haikufungwa: kuanzia 1988 hadi 2010 aliigiza kama Auntie Wainwright kwenye vichekesho vya Last of the Summer Wine, mwenye duka la vitu chakavu ambaye hakuna mteja aliyetoka mikono mitupu, apende asipende. Angalia alivyochagua. Ni bibi tena, mswahili tena kwa maana yetu ile ya mjanja wa mjini, lakini Hilda ni mtu wa kupungukiwa na huyu ni mtu wa kukupunguzia. Rola hazikuonekana tena. Alifariki Oktoba 2016, siku tatu baada ya kutimiza miaka 90.