Mkimbizi haramu ni mnyama gani?

Msomaji wa Tanga ameninukulia sentensi aliyoisikia redioni: "Boti iliyobeba wakimbizi haramu kutoka Rohingya imezuiwa baharini." Anauliza kwa nini ni mkimbizi, si mkimbiaji.

Jibu jepesi. Kitenzi kimbia kilikuwa na l iliyomezwa. Huchungulia bado katika kimbilia. Ikikutana na -i ya mwisho inageuka z, ndiyo maana nunua huzaa mnunuzi na zaa huzaa mzazi. Mkimbiaji tumewaachia wa mbio za marathoni. Yameisha.

Lakini msomaji wangu, hilo haramu umelipitaje? Haramu ni riba, ni nyamafu, ni kitu au kitendo. Binadamu tulimbandika neno hilo tulipomwita mtoto mwanaharamu kwa kosa la wazazi wake, na wala hatukupata sifa.

Chukua jirani yako. Saa nane za usiku nyumba yake inawaka. Anaruka ukuta wako, kanga moja kiunoni, mtoto mgongoni, anaangukia banda la kuku, mayai yote chali. Hodi hakupiga. Asubuhi utawasimulia watu kwamba umeingiliwa na jirani haramu? Hata hao kuku watakushangaa. Kuruka ukuta siku nyingine ni kosa, sikatai, ila hodi hupigwa na mwenye nafasi.

Jirani huyo yumo katika Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ibara ya 31: aliyetoka moja kwa moja kwenye hatari asiadhibiwe kwa kuingia bila kibali, mradi ajitokeze mapema kwa wenye mamlaka na aeleze sababu. Tena hati haimfanyi mtu mkimbizi. Humtambua tu aliyekwisha kuwa. "Mkimbizi haramu" ana maana sawa na "yatima haramu".

Wanasiasa nao wana ufundi wao. Bangladesh, ambayo haimo katika mkataba huo, ilipokea Warohingya zaidi ya 700,000 waliokimbia kwao Myanmar kuanzia Agosti 2017, jambo ambalo mataifa tajiri yangelifanyia mikutano kumi. Ila serikali yake hulikwepa neno mkimbizi. Huwaita "raia wa Myanmar waliohamishwa kwa nguvu". Myanmar nayo, ambayo sheria yake ya uraia ya 1982 iliwaacha wengi wao bila nchi, huwaita Wabengali, kana kwamba kwao ni Bangladesh. Watu wanatupiwa huku na huku kwa msamiati kabla hata ya kutupiwa boti.

Na "kutoka Rohingya"? Rohingya ni watu, kwao ni jimbo la Rakhine, Myanmar. Anayetoka Rohingya na apande basi liendalo Wamakonde. Hili lakini nimechoka kulipigania. Semeni Warohingya, semeni Rohingya bila Wa-, hata hilo kutoka nitalitafuna kwa shida. Haramu siimezi.